Mwangwi wa Uwanda wa Saba

Jumanne asubuhi, kabla hata hajavua koti, Rula aliona kwamba mstari umehama.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini kila mtu alimwita Rula, kwa sababu mpaka leo alikuwa akichapisha picha za rada kwenye karatasi na kuzipima kwa rula ya plastiki, ilhali kompyuta ingempa jibu kabla hajapata penseli. Alisema jicho huona vitu ambavyo tarakimu huviruka. Wenzake walimcheka, lakini miaka minne nyuma ni yeye, na rula yake hiyohiyo, aliyeyapata maji ya Uwanda wa Saba.

Hayakuwa maji ya kuteka kwa ndoo. Ilikuwa barafu, mita ishirini chini ya vumbi jekundu la Mirihi. Chombo kinachoizunguka sayari ile kilikuwa kikituma mawimbi ya redio ardhini. Mengine yakirudi upesi kutoka juu ya udongo, mengine yakichelewa kidogo kwa kuwa yamezama na kugonga kitu. Kule kuchelewa ndiko kulikotokea kwenye picha kama mstari mweupe. Rula aliupima, akapiga hesabu, akaandika ripoti ya kurasa kumi na nne, na juu ya kurasa hizo safari nzima ikapangwa. Watu wanne wangetua pale, wachimbe, wayeyushe, wanywe, wapate oksijeni ya kuvuta na mafuta ya kuwarudisha nyumbani. Chombo cha kuwapeleka hakikuwa na uwezo wa kubeba mafuta ya kwenda na kurudi. Ya kurudi yangetengenezwa kwa ile barafu.

Mmoja wa wale wanne alikuwa mdogo wake wa kike, tumbo moja.

Sasa picha mpya ilikuwa mezani. Mara hii chombo cha rada kilipita magharibi kidogo ya njia yake ya zamani, na mstari haukusoma mita ishirini. Ulisoma kumi na tatu. Rula akaweka rula, akaiondoa, akaiweka tena. Akaitafuta picha ya wiki iliyotangulia, iliyopigwa upande wa mashariki, ambayo hakuwa ameipima kwa sababu ya vikao: ishirini na sita.

Barafu haitembei. Kitu kinachosogea kila unapobadilisha pa kukitazamia hakiko chini yako. Kiko pembeni.

Alikwenda kuchemsha chai, akaisahau kwenye birika. Akatembea ukumbini kwenda na kurudi, mara ya kwanza, ya pili, mpaka mama wa usafi akaegemea fimbo ya dekio lake na kusema, "Dada, hapo nimeshadeki mara mbili. Kama una safari, nenda. Kama huna, kaa."

"Samahani, mama."

"Samahani haikaushi sakafu."

Akarudi ofisini, lakini kukaa hakukukalika. Alikumbuka jambo ambalo miaka minne hakulikumbuka hata mara moja. Wakati wa ile ripoti alihakikisha, kama inavyotakiwa, kwamba hakuna kilima karibu kinachoweza kurudisha mwangwi ukamdanganya. Alitumia ramani ya miinuko iliyokuwepo. Magharibi ya uwanda palikuwa na kinundu kidogo tu, cha kupuuzwa. Siku kumi na sita baada ya kuwasilisha ripoti, ramani mpya ilitoka, yenye undani zaidi. Tangazo lake alilisoma. Alisema moyoni, nitarudia hesabu wiki ijayo. Wiki iliyofuata kulikuwa na sherehe ya kumpongeza. Iliyofuata tena kamati ikatangaza mahali pa kutua, na jambo likapita kama hivyo.

Alimwendea Babu. Huyu alikuwa msimamizi wa kompyuta kubwa, mtu wa makamo aliyeitwa Babu tangu alipoota upara akiwa chuoni.

"Nataka uniwekee ramani mpya ya miinuko chini ya hesabu ya zamani," Rula alimwambia. "Barafu uitoe yote. Uache milima peke yake, tuone mwangwi gani unarudi."

Babu alimtazama juu ya miwani. "Uwanda gani?"

"Wa Saba."

Babu akavuta kiti.

Hesabu ilichukua siku moja na nusu. Alhamisi mchana walisimama mbele ya skrini, Babu akiwa na kipande cha mkate mkononi ambacho alisahau kukila. Kinundu cha ramani ya zamani, kwenye ramani mpya, kilikuwa ukingo wa mwamba wenye urefu wa mita tisini, ulionyooka kama ukuta. Na ukuta ule, bila tone la barafu, ulichora mstari mweupe palepale Rula alipoupima miaka minne iliyopita.

"Kwa hiyo hakuna maji," Babu alisema.

"Sijui. Kuna kitu kidogo hapa ambacho mwamba hauelezi, unakiona? Huenda barafu ipo, imejificha nyuma ya huu mwangwi. Huenda hakuna hata ya kulowesha ulimi."

"Kamati inakaa lini kuidhinisha safari?"

"Alhamisi ijayo."

Babu akaweka mkate chini. "Basi wiki yako itakuwa ndefu."

*

Jumapili walikula kwa mama. Mama yao alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno mafupi aliyepokea watoto wa watu kwa miaka thelathini na minane na hakuona tena la kumshangaza. Mdogo mtu alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja kutoka kambi ya mazoezi. Nyumbani walimwita Kiberiti: mwili mdogo, lakini ukimgusa vibaya anawaka. Kwenye kikosi yeye ndiye aliyekuwa mchimbaji. Miaka tisa alifanya mazoezi ya kazi hiyo. Aliahirisha harusi mara mbili, mpaka mchumba akachoka akaoa kwingine, naye akampelekea zawadi.

"Mnanichekesha," mama alisema, akibana bomba la jikoni kwa kitambaa. "Mmoja anatafuta maji Mirihi, mwingine anakwenda kuyachimba, na hapa bomba linavuja wiki ya tatu hakuna wa kulitazama."

Kiberiti alicheka, akaingia chini ya sinki na spana. Rula hakucheka. Alikuwa akikunja vitambaa vya meza, akivifungua, akivikunja upya.

Mdogo wake alitoka chini ya sinki akimtazama. "Dada, njoo nje nikuonyeshe kitu."

Nje hapakuwa na kitu, isipokuwa kamba za nguo na mashuka ya mama yaliyokuwa yakipigwa na upepo. Kiberiti alisimama katikati yake, mikono kiunoni.

"Haya. Sema."

"Niseme nini?"

"Kitambaa kile umekikunja mara nne. Tangu uingie hujakaa. Una ugonjwa?"

Rula alikuwa amejipanga kumwambia Profesa kwanza, mkuu wa kitengo, kwa utaratibu. Lakini macho ya Kiberiti hayakumpa nafasi. Akamweleza: mstari, mwamba, ramani, zile siku kumi na sita. Alieleza bila kujitetea. Kiberiti alisikiliza bila kupepesa macho, na alipomaliza, shuka likapeperuka likamfunika uso, akalisukuma pembeni kwa hasira.

"Nipe namba. Wewe si mtu wa namba? Uwezekano wa barafu kuwepo."

"Mwezi uliopita ningesema tisini kwa mia. Leo thelathini. Labda chini ya hapo."

"Thelathini si sifuri."

"Mdogo wangu, ukichimba ukakosa, hurudi."

"Mpango wa safari naujua. Sura ya uchimbaji nimeiandika mimi." Alipumua kwa nguvu. "Picha nyingine inakuja lini?"

"Wiki tatu baada ya kamati."

"Basi subiri hiyo picha. Moja tu. Usiende na mambo nusunusu mbele ya watu."

Rula alielewa, na alijua kwamba mwenzake naye anaelewa anachokiomba. Kamati ikishaidhinisha, chombo kitaanza kujazwa mafuta, mamia ya watu watahamishwa, na hakuna atakayetaka kumsikiliza mwanamke mwenye rula.

"Siwezi," alisema.

"Unaweza. Hutaki."

"Siwezi, Kiberiti. Nimeshakosa mara moja kwa kungoja wiki ijayo."

"Miaka tisa!" Sauti ilimpanda mdogo mtu. "Kila asubuhi naamka nikijua niko hai kwa kazi gani. Wewe ndiye ulinipa. Ulikuja hapahapa, ukasema, nimekupatia maji, nenda. Leo unakuja kuninyang'anya, tena wakati mashuka ya mama hayajakauka!"

Mashuka hayakuwa na maana yoyote katika maneno yale, na wote wawili walijua, lakini hakuna aliyecheka. Mama aliita kutoka dirishani kwamba chakula kinapoa.

Walikaa mezani. Mama aliwatazama kwa zamu.

"Mmegombana?"

"Hapana," walijibu pamoja.

"Mnanidanganya kwa sauti moja," mama alisema. "Angalau hapo mmepatana."

*

Jumatatu Profesa aliipokea karatasi ya Rula kwa mikono miwili, akaisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyeipigania safari ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana nimekuja. Mwanzoni nilikuwa na uhakika, sikuja kwa mtu."

Profesa alijikuna kidevu. "Unajua kwamba lawama itaanzia kwako."

"Najua."

"Na mdogo wako?"

"Anajua."

"Mungu wangu," Profesa alisema polepole, akaichukua simu.

Siku tatu zile Rula hakuwa na mahali pa kuiweka mikono yake. Alipanga upya kabati la vitabu. Alianza barua kwa Kiberiti, akaichana, akaanza nyingine. Alishuka basi kituo kimoja kabla ya chake ili atembee, na akifika ofisini anatamani angeshuka vituo vitatu kabla. Simu ikilia, anaipokea kabla ya mlio wa pili. Isipolia, anaichukua kuangalia kama imezimika.

Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa kamati ulijaa. Wanaanga wanne walikaa safu ya mbele na sare zao za bluu. Kiberiti alikuwa wa mwisho kulia, amenyooka, mikono juu ya magoti. Rula alionyesha picha tatu na ramani mbili. Alisema wazi kwamba kosa ni lake na tarehe yake anaijua. Wajumbe waliuliza maswali. Mmoja alitaka kujua kama mitambo ya rada imeharibika. Mwingine, kama wanaweza kubeba mafuta zaidi. Mhandisi wa chombo alijibu kwamba kwa uzito huo chombo hakitanyanyuka hata kidogo.

Mwenyekiti aligeukia safu ya mbele. "Kikosi kina swali?"

Watatu walitazamana. Kiberiti akasimama. Rula akashika ukingo wa meza, akijua mdogo wake akiamua kuwaka, atawaka mbele ya ukumbi mzima.

"Swali moja," Kiberiti alisema. Sauti yake ilikuwa ya kikazi, baridi. "Ingekuwa ni wewe, ungepanda?"

Rula aliuachia ukingo wa meza. "Nisingepanda. Na ingekuwa juu yangu, nisingekuacha upande."

"Asante," Kiberiti alisema, akakaa.

Saa nane mchana kamati ilitangaza kwamba watu hawaendi. Njia kati ya sayari hizi mbili hufunguka kila baada ya miezi ishirini na sita, na isingekuwa busara kuipoteza bure. Kwa hiyo mtambo wa kuchimba utatumwa peke yake Uwanda wa Saba, na mwingine mdogo utapelekwa Uwanda wa Kumi na Moja, kaskazini, kwenye baridi kali, ambako picha zilionyesha dalili za barafu ya karibu. Watu watangoja.

*

Magazeti hayakungoja. Moja liliandika kwa herufi kubwa, "Msomi Akausha Mirihi." Watu wasiomjua walimwandikia matusi, na wengine, pengine kwa nia njema, wakampelekea maombi ya kufunga na kusali. Aliandika barua ya kujiuzulu. Profesa akaitia kwenye droo, akaifunga.

"Nani atasoma mwangwi ukiondoka? Mimi? Macho yenyewe haya?"

Lililomuuma ni Kiberiti. Simu hakupokea, ujumbe hakujibu. Walikutana kwa mama tu, na hapo mdogo mtu alizungumza kupitia njia ndefu.

"Mama, mwambie mwanao anisogezee chumvi."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nimestaafu kuzalisha maneno ya watu," mama alijibu, na chumvi akaisogeza yeye.

Hata hivyo Kiberiti hakuacha kazi. Mtambo uliotumwa ulikuwa wake. Alishinda karakana akiufundisha kufanya peke yake kila ambacho mikono yake ilijua: kuunga mabomba, kuhisi mwamba, kurudi nyuma kabla ncha haijakwama. Waliomwona walisema ameufundisha kama mama anayempeleka mtoto shule ya bweni, kwa ukali na kwa wasiwasi.

Mtambo ukaondoka. Ukasafiri miezi saba. Ukatua salama.

Siku ya kuchimba ilikuwa ya jua kali, na chumba cha kufuatilia kilijaa mpaka mlangoni. Kiberiti alifika akiwa amechelewa. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kando ya dada yake. Alisimama kidogo, akakikalia.

Habari kutoka kule zilichukua dakika kumi na moja kufika. Kila lililosemwa chumbani lilikuwa limeshatokea, na hakuna aliyeweza kulibadilisha. Mita ya kwanza: vumbi kavu. Ya tano: vumbi na kokoto. Rula aliketi akipapasa vidole vyake kimoja kimoja. Kulikuwa na kitu ndani yake alichokionea aibu. Barafu ikionekana, basi alimpora mdogo wake maisha yake bure. Isipoonekana, alikuwa amemwokoa. Na yeye, aliyetumia umri wake wote kuyatafuta maji kwenye sayari ile, sasa alikuwa anaomba kwa moyo wote yasiwepo.

"Mita ya kumi na tano," msoma taarifa alisema. "Kavu."

Kiberiti aliuma ukucha.

"Ya ishirini. Kavu."

Minong'ono ikapita chumbani. Ya ishirini na mbili. Ya ishirini na nne.

"Hapa," Kiberiti alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa dada yake kwa karibu mwaka. "Hapa ndipo mabomba yetu yangeishia. Ya akiba pia."

Mtambo ulikuwa na mabomba zaidi, ukaendelea. Kwenye mita ya thelathini na moja ncha ilikwama kwenye mwamba mweusi, na mtambo, kama ulivyofundishwa, ukajirudisha nyuma polepole bila kuvunjika. Vumbi lililokuja juu lilipimwa. Hapakuwa na maji ya kujaza kijiko.

Watu walianza kutoka, wengine wakimpita Rula bila kumtazama, mmoja akimgusa bega. Dada hao wawili walibaki.

"Nilikuwa naomba yatoke," Kiberiti alisema. "Si kwa ajili ya safari. Nilitaka yatoke nikutukane mbele ya watu hawa wote. Matusi nilikuwa nayo tayari."

"Na mimi nilikuwa naomba yasitoke."

"Nilikuona. Midomo yako ilikuwa inatembea." Alikuwa anatazama ile namba thelathini na moja kwenye skrini. "Tungefika siku ya arobaini bado tunachimba. Mimi ndiye ningekuwa nawaambia wenzangu, bado kidogo. Nawajua. Wangeniamini."

Rula alianza kukusanya karatasi zake.

"Umekula?" Kiberiti aliuliza.

"Tangu jana, hapana."

"Twende basi."

Kantini ilikuwa imeshafungwa, wakapata biskuti tu kwenye mashine ya ukumbini. Wakazila wamesimama, wakibishana kuhusu mwamba mweusi, kama ni lava au siyo.

Wiki tatu baadaye Uwanda wa Kumi na Moja ulijibu. Mtambo mdogo ulifika mita moja na nusu, ncha ikabadilisha mlio, na kamera ikaonyesha kipande cheupe chini ya shimo, kikitoa mvuke hafifu jua lilipokigusa. Safari hii Rula alikuwa amepitia ramani zote, za zamani na mpya, mara tisa. Jengo zima lilipiga kelele. Kiberiti alimbeba juu dada yake, aliyemzidi kilo ishirini, akamzungusha, akamshusha. Kisha uso ukambadilika.

"Nini?"

"Kikosi kijacho. Umri wa mwisho ni arobaini na tano." Alihesabu kwa vidole ingawa hakuhitaji. "Njia ikifunguka nitakuwa na arobaini na sita na miezi miwili."

Kamati iliteua watu wanne wapya. Kiberiti alipewa kazi ya kuwafundisha kuchimba, akaikubali, na anaifanya kwa ukali ambao wanafunzi wake wanausimulia kwa wengine. Lakini alikaa na dada yake kwenye meza ya mama, alasiri nzima, wakaandika barua ya kurasa sita kuiomba kamati iondoe kikomo cha umri. Rula aliweka majedwali ya vipimo vya moyo, mapafu na mifupa ya mdogo wake kwa miaka kumi. Mama alitaka iongezwe sentensi kwamba mtoto huyu alizaliwa na kilo nne na hajawahi kuugua hata mafua. Wakaikataa, kisha wakaiweka.

Jibu bado. Kiberiti anakimbia kilomita nane kila asubuhi, na kila anayemwuliza anamwambia anapunguza tumbo, ingawa tumbo hana. Rula anapiga simu ofisi ya kamati kila wiki, wakati mwingine mara mbili. Karani wa pale ameshaijua sauti yake, na siku hizi hamngoji amalize salamu.

"Bado, dada," humwambia. "Lakini faili liko mezani. Nimeliona kwa macho yangu limefunguliwa."